Hewa ya Tabora Ipimwe Tabora

Tarehe 27 Februari 1920, ndege kubwa ya injini mbili aina ya Vickers Vimy ilianguka Tabora ilipokuwa ikijaribu kuruka. Ilikuwa imeondoka Brooklands, Uingereza, Januari 24, kwa udhamini wa gazeti la The Times la London, na safari yake ilikuwa ya kwenda Cape Town. Ndani alikuwamo mwanazoolojia Peter Chalmers Mitchell pamoja na marubani Cockerell na Broome. Hakuna aliyekufa, lakini safari iliishia hapo. Siku chache baadaye, Machi 1920, Vimy nyingine iliyoongozwa na Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini iliharibika Bulawayo, mji ulio juu zaidi ya usawa wa bahari hata kuliko Tabora, baada ya kushindwa kupanda katika hewa nyepesi. Aina hiyohiyo ya ndege ilikuwa imevuka Bahari ya Atlantiki mwaka uliotangulia, Juni 1919. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba waundaji wake hawakujua kazi. Walijua, ila walijua zaidi hewa ya kwao.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu linahusu jambo ambalo shule zetu za magharibi mwa Tanzania zingeweza kulifundisha kwa gharama ndogo mno, na hazilifundishi. Urukaji haujifunzwi kwa kukariri kanuni zilizopimwa mahali pengine. Hujifunzwa kwa kutengeneza chombo, kukiachia hewani pale ulipo, kuona kilivyofanya, kurekebisha kitu kimoja, na kukiachia tena. Chombo rahisi kuliko vyote cha kufanyia hivyo ni glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini, inayorushwa kwa mkono. Hoja yangu ni kwamba majaribio ya glaida ya mkononi yanastahili kuwa somo la kwanza la urukaji katika shule za Tabora, kabla ya injini, kabla ya redio na kabla ya droni ya kununua.

Tuanze na hewa yenyewe. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Anayetaka ushahidi asihangaike na vifaa vya gharama: achemshe maji. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Tabora huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni pungufu. Njia hiyo ya maji yanayochemka ndiyo wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliyoitumia kupima urefu wa nchi walipopita na msafara kutoka pwani, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, kisha wakaendelea hadi Ujiji. Huko Ujiji kipimajoto chao kibovu kiliwaambia kwamba Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali liko takribani mita 770. Kosa hilo halikuwa dogo, maana kimo cha ziwa kilikuwa mojawapo ya hoja katika ugomvi wao juu ya chanzo cha Mto Nile. Barabara ya misafara iliwahi kushuhudia, basi, kipimo kisichohakikiwa kikibeba hoja nzito kuliko uwezo wake.

Kwa joto la kawaida la asubuhi yenye jua, hewa ya Tabora ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na ya Bagamoyo, pwani. Chukua glaida ya gramu 60, yenye mabawa ya sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha na sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Bagamoyo glaida hiyo itajibeba vizuri ikienda karibu mita 5.3 kwa sekunde. Tabora inahitaji karibu mita 5.6. Tofauti ni kama asilimia 6, na msomaji anaweza kuiona ndogo. Lakini jambo la kutazama ni hili: pembe ya kuteleza karibu haibadiliki. Kama glaida ilikuwa ikisonga mita 7 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka kule pwani, na huku itafanya karibu hivyohivyo, ila kwa mwendo mkali zaidi. Mwanafunzi aliyesoma maelekezo ya pwani au ya Ulaya ataiachia polepole mno. Glaida itainamisha pua ili itafute mwendo inaouhitaji, naye atadhani pua ni nzito. Atapunguza uzito wa mbele. Hapo atakuwa ameharibu mizani iliyokuwa sawa, kwa sababu tu mkono wake haukuijua hewa yake. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye karatasi ya mtihani. Huonekana kwenye nyasi.

Sasa jaribio lenyewe. Kabla ya kurusha, hutafutwa kitovu cha uzito: glaida huwekwa juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, mpaka itulie bila kuinama mbele wala nyuma. Pagazi wa Kinyamwezi aliyebeba masongo ya waya wa shaba kwenye ncha mbili za mti alisogeza bega mpaka mti ukatulia. Hapa bega halisogei, kinachosogezwa ni uzito. Kwa bawa la kina cha sentimita 10, kitovu hicho kinatakiwa kiangukie kati ya sentimita 2.5 na 3.3 kutoka ukingo wa mbele. Kikirudi nyuma zaidi ya hapo, glaida huanza kuyumba na kukosa utulivu. Kikisogea mbele mno, huenda kama jiwe. Wengi huongeza uzito wa pua kwa udongo wa kichuguu, ambao Tabora umejaa kila upande. Udongo huo una kasoro moja inayowapotosha wanafunzi: unapakwa ukiwa na maji, kesho umekauka na uzito umepungua, na vipimo vya jana havilingani tena na vya leo. Nta ya nyuki haina kasoro hiyo. Hubanduliwa kidogo kidogo kwa kucha, hubandikwa kwa kidole, hailiwi na hewa, na ikitunzwa kivulini haiyeyuki. Mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali na nta una mezani pake kitu bora cha kusawazishia glaida kuliko udongo wowote.

Baada ya hapo hufuata kurusha, ambako kwa kweli si kurusha. Mtu husimama akielekea upepo, kama upo, hushika kiwiliwili chini ya bawa, huinua glaida usawa wa bega, pua ikitazama chini kidogo tu kana kwamba imelenga nyasi zilizo mita kumi au kumi na tano mbele. Mkono husukuma kwa mstari ulionyooka, ukienda mwendo uleule ambao glaida itaendelea nao, kisha huachia. Haipandishwi juu, haivurumishwi. Kinachofuata huchukua sekunde mbili tu, na katika sekunde hizo mbili mna habari zote. Ikiteremka kwa mstari ulionyooka na kutua kwa tumbo, mizani ni nzuri. Ikiinua pua, ikasita, ikadondoka, kisha ikajaribu tena kama wimbi, mabawa yanakutana na hewa kwa pembe kubwa mno mpaka nguvu ya kunyanyua inakatika. Ukingo wa nyuma wa mkia ushushwe milimita moja. Ikichoma pua ardhini hata baada ya kuongeza kasi ya mkono, ukingo huo upandishwe milimita moja. Ikielemea upande mmoja, tazama kama bawa limejipinda. Kila badiliko moja lirushwe mara kadhaa kabla ya kugusa kitu kingine, na kila mara umbali uandikwe. Ukigawanya umbali huo kwa kimo cha bega, unapata uwezo wa kuteleza wa chombo chako: kutoka mita 1.5, glaida iliyotua mita 9 mbele ina uwezo wa 6 kwa 1.

Saa ya kufanya kazi hii nayo ina maana yake. Tabora iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza kwa saa za nchi. Wakati mzuri wa kiangazi ni kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Ikifika saa nne au tano, ardhi imeshapata moto na hewa imeanza kupaa. Ukiona mwewe anazunguka juu ya soko bila kupiga bawa, ujue tayari. Glaida ikikutana na hewa hiyo itakwenda mbali, darasa litashangilia, na kipimo hakitakuwa na thamani yoyote, kwa sababu hakuna atakayejua kama kilichofanya kazi ni mabawa au ni jua.

Pingamizi la kwanza ni kwamba huu ni mchezo wa watoto. Historia inalijibu vizuri. Mwaka 1804, Mwingereza George Cayley alichukua ufito, akaufunga bawa lenye umbo la tiara, akauwekea mkia unaorekebishika na uzito unaosogezwa mbele na nyuma, akawa anaurusha. Glaida hiyo ya urefu wa kama mita moja na nusu ndiyo iliyoonyesha kwa mara ya kwanza umbo ambalo ndege za leo bado zinalo: bawa lililotulia mbele, mkia wa kusawazisha nyuma. Otto Lilienthal wa Ujerumani aliruka na glaida zake mara zipatazo 2,000 kati ya 1891 na 1896, mwaka ambao ajali ilimuua. Ndugu Orville na Wilbur Wright wa Marekani walipojenga glaida yao ya mwaka 1901 kwa kufuata majedwali yaliyokuwa yakiaminika, walikuta nguvu ya kunyanyua ni pungufu sana kuliko hesabu ilivyoahidi. Hawakuongeza injini ili kuficha upungufu. Walitengeneza handaki dogo la upepo, wakapima maumbo ya mabawa kama 200, wakagundua kwamba namba mojawapo iliyorithiwa kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na kosa. Glaida yao ya 1902 iliteleza mara nyingi sana, kati ya mara 700 na 1,000, na ndipo Desemba 17, 1903 wakaruka kwa injini. Aliyeita mchezo hatua hizo zote, na aseme ni hatua ipi angeiruka.

Jibu hilohilo linawafaa wanaosema kwamba siku hizi kuna programu za simu na kompyuta zinazoiga urukaji, kwa hiyo hakuna haja ya kukanyaga umande. Programu hizo ni nzuri na mwenye nazo azitumie. Ila programu hutoa majibu kutokana na namba zilizowekwa ndani yake, na mwanafunzi asiyewahi kuona namba ikikataa kulingana na jambo halisi hatajua siku ipi ya kuishuku. Ndugu Wright walikuwa na majedwali mazuri kuliko yote ya zama zao. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na glaida inayokataa kuyatii.

Pingamizi zito zaidi, na ninaliheshimu, linatoka kwa walimu wa fizikia wenyewe: mkono wa binadamu si mashine. Leo mwanafunzi atasukuma kwa nguvu, kesho kwa ulegevu. Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi. Basi tofauti ya umbali inaweza kuwa ya mrushaji wala si ya mkia. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu jaribio hili linafaa kufundishia kuliko mengi ya maabara yanayotoa jibu linalojulikana kabla ya kuanza. Darasa lirushe glaida ileile mara kumi bila kubadilisha kitu. Litapata, tuseme, umbali unaocheza kati ya mita 8 na 10. Tofauti hiyo ya mita 2 ni ya mkono. Kisha lirekebishe mkia na kurusha mara kumi nyingine. Kama wastani umepanda kwa nusu mita tu, huku umbali ukicheza vilevile, mwanafunzi mkweli ataandika kwamba bado hajui. Nadhani kuandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na miaka kumi na sita, ni elimu ambayo hakuna swali la kuchagua A, B, C au D litakaloweza kumpa. Akitaka kuupunguza mchezo wa mkono, atapiga kigingi ardhini, afunge ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, auvute mpaka alama ileile kila mara. Lakini aanze na mkono, maana mkono ndio unaomfundisha mwendo ambao chombo chake kinautaka.

Wapo wanaouliza vifaa vitatoka wapi, kwa kuwa vitabu vya kigeni vinataja mti wa balsa, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Swali hili halistahili aya ndefu. Mabua ya mtama yaliyomenywa ni mepesi na hukatika vizuri kwa wembe. Mwanzi uliopasuliwa hutoa kiwiliwili imara. Foamu nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji hutupwa nyuma ya maduka, na bawa la foamu lililosuguliwa kwa msasa, likakunjwa kidogo katikati ili ncha zote mbili ziinuke, huruka kwa utulivu kuliko bawa zito la mbao. Gundi ya mbao, uzi, tepu ya kupimia na saa ya simu vinakamilisha orodha.

Hapo ndipo anapoibuka mwenye hoja ya vipaumbele: shule isiyo na madawati ya kutosha itacheza na foamu? Anachopigania ni haki, na asiache kukipigania. Lakini glaida haishindani na dawati kwa shilingi hata moja. Inashindania muda, na ni hapo ambapo uamuzi wa kweli unatakiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Kama tumekubali kama taifa kwamba kazi ya mikono ni elimu, saa mbili za Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa mpira haziwezi kuitwa kupoteza muda.

Tena kazi yenyewe ipo, na haiko Ulaya. Mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zilianza kupiga picha za anga za Unguja na Pemba kwa kutumia droni za mabawa aina ya eBee. Droni hiyo ni ya foamu, uzito wake ni kama gramu 700, upana wake haufiki mita moja, na haihitaji kiwanja: mtu huishika mkononi na kuirusha hewani, na ikimaliza kazi huteleza hadi chini na kutua kwa tumbo. Vijana wa Kizanzibari walifundishwa kuiendesha na kuchora ramani kutokana na picha zake. Huku kwetu magharibi, watafiti wametumia droni kutafuta viota vya sokwe kwenye miombo ya Bonde la Issa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Miombo ya magharibi ina mizinga ya nyuki, mashamba ya tumbaku na mipaka ya hifadhi za misitu, na yote inahitaji kupimwa na kutazamwa mara kwa mara. Ataitazama nani? Anayejua kubonyeza kitufe yupo, na atapatikana zaidi. Asiyepatikana kirahisi ni fundi anayejua kwa nini droni iliyobadilishiwa betri nzito imeanza kuinamisha pua, au kwa nini iliyoruka vizuri Dar es Salaam inasuasua saa nane mchana Sikonge. Fundi huyo huanzia kwenye kitovu cha uzito juu ya ncha za vidole viwili.

Kuhusu usalama, droni zinadhibitiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ni sawa zidhibitiwe. Glaida ya gramu 60 isiyo na injini wala redio haifiki hata upande wa pili wa uwanja wa mpira. Hata hivyo walimu wachague viwanja vilivyo mbali na uwanja wa ndege, wawaweke watazamaji nyuma ya mrushaji, na pua ya glaida ifunikwe kwa foamu laini ili isimchome mtu jicho.

Ombi langu la mwisho ni kwa waamuzi wa maonyesho ya sayansi, kuanzia ya shule na wilaya hadi Young Scientists Tanzania na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU. Watakapoletewa glaida kutoka Tabora, Nzega, Urambo au Kigoma, wasianze kwa kuuliza imefika mbali kiasi gani wala imepakwa rangi gani. Waombe daftari kwanza. Watafute humo tarehe, saa ya asubuhi, hali ya upepo, uzito wa nta puani, badiliko moja kwa kila safu ya mirusho, na mahali ambapo mwanafunzi ameandika kwamba marekebisho yake hayakusaidia kitu. Glaida isiyo na daftari la namna hiyo isipewe zawadi, hata kama imeruka kuliko zote.